Kiatu cha Dereva

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Alhamisi, simu yangu iliita nikiwa napanga vitabu vya mitumba kwenye rafu za duka langu. Mwanamke nisiyemjua akaniambia kwamba Sadala amefariki na atazikwa kesho yake baada ya swala ya Ijumaa. Aliyepiga alikuwa binti yake Sadala. Nilifunga duka nikaenda msibani Gongoni, nikakaa mkekani chini ya turubai pamoja na wanaume wa rika langu ambao wengi wao sikuwa nimewaona tangu ujana. Tulizungumza yale yanayozungumzwa misibani: bei ya tumbaku, presha iliyomsumbua marehemu, nani yuko wapi siku hizi. Kisha jamaa mmoja mwenye pikipiki zake tatu za bodaboda akasema, “Lakini mnamkumbuka alipokuwa DJ wa picha?” Akainamisha kichwa, akashusha sauti ikawa nyembamba kama ya mtu anayeona haya kuomba maji kwa jirani. “Naombeni kiatu changu.” Wanaume wakacheka kicheko cha msibani, mkono mdomoni. Mwingine akarudia, na mwingine. Hakuna kati yao aliyejua maneno yale yalitoka wapi. Nilijua mimi, na mwingine aliyejua alikuwa ndani, amelazwa anasubiri kuoshwa.

Pembeni yangu mjukuu wa marehemu, binti wa miaka minane, alikuwa ameketi akitazama picha kwenye simu ya mama yake. Mtu mwenye vazi la kubana alikuwa anaruka angani akipigana na adui, na katika kupigana kwao wakavunja daraja. Magari yakadondoka mtoni moja baada ya jingine. Picha ilipoanza nilikuwa nimeiona namba ya umri wa watazamaji kwenye kona ya kioo, kumi na tatu, ile ile niliyoizoea. Hapakuwa na tone la damu. Nikamwuliza binti, “Wale waliokuwa kwenye magari wameenda wapi?” Akanitazama kwa heshima anayopewa mtu mzima asiyeelewa mambo. “Hao hawamo, babu,” akasema. “Stelingi ni huyu.” Usiku ule sikulala vizuri, na tangu hapo nimekuwa nikiukumbuka mwaka mmoja, ule niliotimiza miaka kumi na tisa, nilipofanya kazi pamoja na Sadala kwenye ukumbi wa picha wa Chemchem.

Kusema ukumbi ni kuupa heshima. Lilikuwa ghala la zamani la Bwana Kanji, mfanyabiashara wa vitambaa wa Gongoni, ambalo babu yake alihifadhia nta na karanga. Kuta zake zilikuwa za udongo, nene upande wa barabarani na nyembamba upande wa nyuma, ambako sehemu moja ilikuwa imebomoka ikazibwa kwa bati. Ndani mlikuwa na mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, televisheni moja kubwa juu ya meza, deki, spika mbili, na kiti cha Sadala kando ya televisheni. Watu waliuita kibanda umiza, na mgongo ulikiri jina hilo kabla picha haijafika nusu. Harufu yake ilikuwa ya jasho, mafuta ya taa, na kile alichopika Mama Espe, mama lishe wetu, siku hiyo, kwa sababu jiko lake lilikuwa nyuma pale penye bati. Kazi yangu ilikuwa kuendesha deki, kukusanya kiingilio mlangoni, na kusoma Kiingereza cha kwenye makasha ya CD, nilichokuwa nikijifunza mwenyewe kwa kamusi iliyokosa jalada.

Kazi ya Sadala ilikuwa kusema. Picha zilikuja kwa lugha ambayo karibu wote hatukuielewa, naye alishika maiki akawasemea wote, stelingi, adui, mwanamke, polisi, hata mbwa. Yeye mwenyewe Kiingereza alikijua kwa mbali. Mimi nilimsomea maelezo nyuma ya kasha, tukaitazama picha mara moja asubuhi, na kufikia mchana alikuwa ameijenga upya. Stelingi wa picha iliyovuma mwaka ule, mtu mwenye barakoa na nguvu zisizo za kawaida, alimwita Mjomba, kwa kuwa hufika pale mambo yanapoharibika. Adui alimwita Mtoza Ushuru, na watu wazima walicheka kabla hajafungua mdomo. Barabara iliyopita mbele ya ghala ndiyo iliyofuatwa na misafara ya zamani kuelekea Ujiji, na wazee wa Chemchem walipenda kusema kwamba wapagazi hawakuifuata njia, walimfuata kirangozi aliyetangulia akiimba. Sisi nasi tulimfuata Sadala. Aliposema tazama huku, hakuna aliyetazama kule.

Kuhusu watoto kulikuwa na amri ya kata. Mchana, kwa kiingilio cha shilingi mia, zionyeshwe picha ambazo namba ya kwenye kasha haizidi kumi na tatu. Zilizozidi zisubiri jioni. Mimi ndiye niliyezipanga, rafu mbili, na kwa kuwa napenda mpangilio nilitaka kujua namba zile zinapatikanaje. Nilizitazama picha moja moja nikilinganisha. Picha ya mwanamke anayemwuguza mumewe, yenye bandeji moja iliyolowa damu, ilikuwa rafu ya wakubwa. Picha ya Mjomba, ambayo mji mzima ulianguka, ilikuwa rafu ya watoto. Nikaona kwamba anayeweka namba anahesabu damu, wala hahesabu watu. Jengo la ghorofa arobaini linaweza kulala chini mchana kweupe, watu wamo, na namba isipande, mradi vumbi lifunike. Nilimweleza Sadala ugunduzi wangu kwa fahari kidogo.

“Hilo mimi nalijua siku nyingi,” akasema. “Ndiyo maana nipo. Mdogo wangu, mtu amelipa mia yake. Jengo likianguka asife mtu, umemwibia.”

“Lakini ni watoto.”

“Watoto ndio hawadanganyiki. Ukiwaambia jengo limeanguka na wote wazima, wanakutazama hivi.” Akafanya jicho la mtoto asiyeamini. “Mimi nawapa ukweli.”

Basi pale picha ilipoficha, yeye alisema. Vumbi likipanda, yeye alikuwa ndani ya vumbi na maiki yake, anataja mguu uko wapi na kichwa kiko wapi, kila anayekufa na kilio chake. Kiasi cha damu cha ukumbi ule hakikupimwa na waliotengeneza picha. Kilipimwa na Sadala kwa kusikiliza mabenchi.

Mama Espe alitoka Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Yeye na watu wa kwao walifika huko mwaka sabini na mbili wakikimbia Burundi, yeye akiwa msichana, na sasa alikaa mjini kwa kibali alichokikunja ndani ya kilemba chake, kibali ambacho mtendaji wa kata alikuwa na uwezo wa kukisemea vizuri au vibaya. Alipika ugali wa dona, maharage, matembele, na samaki wa migebuka waliokuja kwa treni kutoka Kigoma. Tulikula kwake kila siku baada ya picha ya mchana, tukiwa tumekalia madebe. Hakuwahi kuingia ukumbini, ila kwa kuwa bati halizuii sauti, alizijua picha zote.

“Shikamoo mama,” Sadala alikuwa akisema akivuta debe.

“Marahaba. Leo umeua wengi, mwanangu.”

“Kazi, mama.”

“Na wote wanalia kama mbuzi wa sikukuu. Hakuna hata mmoja anayekufa vizuri?”

Tulicheka. Ulikuwa utani wao wa kila siku, na haukuwa na uzito mpaka siku moja ya kiangazi, wakati yeye anachambua maharage kwenye ungo, Sadala alipouliza kwa dhati, kama fundi anayemwuliza fundi mwenzake. “Kwa hiyo mtu akipigwa hasa, mama, anafanyaje? Maana mimi sijaona.”

Mama Espe aliendelea kuchambua. Alisema mtu hapigi kelele. Anayepiga kelele ni yule anayetazama. Kisha, bila kubadili sauti, akasema kwamba kaka yake Melkiori alikuwa amejificha shambani kwenye mibuni, akaitwa kwa jina lake, taratibu, na jirani aliyezoea kuja kwao kuomba moto, naye akatoka kwa sababu aliijua sauti. Walimpiga kwa nyundo. Alipoanguka kiatu kimoja kilimtoka, kati ya viatu alivyonunuliwa mwaka ule ule, na yeye hakuomba aachwe. Aliomba kiatu. “Alisema, naombeni kiatu changu. Kwa sauti ndogo tu, kama anayechelewa shule. Mimi nilikuwa ndani ya majani nasikia.” Akatupa kijiwe alichokitoa kwenye maharage. “Watu wengine nasikia huita mama zao. Yeye alitaka kiatu.”

Sadala hakusema pole mara moja. Ninakumbuka uso wake vizuri kuliko ninavyokumbuka nilichokula. Alikuwa amekaza macho, midomo inatikisika kidogo, kama nilivyomwona mara nyingi asubuhi anapojaribu sentensi mpya. Kisha akasema, “Pole sana, mama,” na alimaanisha. Nina hakika alimaanisha vyote viwili, ile pole na ile sentensi aliyokuwa akiijaribu.

Katika picha ya Mjomba kuna mahali Mtoza Ushuru anarusha basi, na dereva anatupwa nje barabarani. Kiatu chake kinamtoka na kubiringika mbele ya kamera. Wenye picha walikiweka pale kwa sekunde mbili, pengine kwa kuchekesha, halafu kamera inahamia kwa stelingi anayetua. Mchana wa Jumamosi iliyofuata Sadala hakutoa ukelele wa kawaida pale. Alizima sauti ya picha, akaiacha kimya, kisha akaisogeza maiki karibu kabisa na mdomo. “Naombeni kiatu changu.” Akaacha tena kimya. Akaongeza pumzi moja, ya mwisho. Mtoto mmoja akaanza kulia, mkubwa mmoja aliyekuwa mlangoni akasema taratibu, “Duh,” na stelingi alipotua watu walimpigia makofi ambayo sijawahi kuyasikia kwa picha yoyote, kwa sababu safari hii walitaka kweli mtu alipiziwe kisasi.

Nyuma ya bati sufuria ilianguka. Tulipoenda kula Mama Espe alitupakulia kama kawaida, ila hakusema leo umeua wengi. Hakumsema Sadala siku hiyo wala iliyofuata, na alipoacha kumtania, Sadala naye akaacha kukaa. Alichukua sahani yake akaenda kula ndani ya ukumbi. Nilimwuliza kwa nini asiliache lile neno. Akasema, “Ulisikia makofi? Wameanza kuja kutoka Kitete na Ipuli kwa ajili ya pale tu.” Ilikuwa kweli. Bwana Kanji alipita mwenyewe kushuhudia mabenchi yakijaa, akasema kwa Kiswahili chake safi, “Sadala bwana, hicho kiatu usikivue.” Na neno likatoka nje ya ukumbi. Watoto wa Chemchem walilitengenezea mchezo: mmoja anaanguka, anavua ndala, anasema maneno yale kwa sauti nyembamba, wenzake wanacheka mpaka wanakaa chini. Waliucheza kila mahali, hata mbele ya jiko la Mama Espe wakisubiri mihogo. Yeye aliwahudumia. Kwenda kulalamika kwa mtendaji kungekuwa kumkumbusha mtendaji juu ya kibali.

Waliolalamika ni wazazi wengine. Mama mmoja alidai mwanawe anaamka usiku anatafuta viatu uvunguni. Mtendaji akaunda kamati ya watu watatu, yeye, mwalimu mstaafu na mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, wakaja asubuhi kuikagua picha. Nikawawekea. Sadala alishika maiki, na mtendaji akamwinulia kiganja.

“Wewe kaa nje kwanza. Tumekuja kuangalia picha yenyewe, hatukuja kusikiliza porojo.”

Wakaiangalia kwa Kiingereza, mwanzo hadi mwisho, mwalimu akiwafafanulia kidogo kidogo. Basi lilirushwa. Dereva akaanguka, kiatu kikatoka, stelingi akatua. “Damu iko wapi?” mtendaji akauliza. Nikairudisha nyuma kwa amri yao, na hapo ndipo mama wa kikundi alipoona jambo ambalo mabenchi yetu hayakuwahi kuliona, kwa sababu wakati huo Sadala huwa ameshawavuta macho kwa Mjomba. Nyuma kabisa, kwenye kona, ndani ya moshi, dereva anaamka. Anajipangusa magoti na kukimbia akiwa na kiatu kimoja. “Mbona hata huyu mzima?” mama akasema, akacheka kwa kufarijika. Mwalimu akasoma namba kwenye kasha, akasema waliotengeneza ni watu makini, wamepima. Wakaandika kwamba picha inafaa.

Nje, Sadala alikuwa anakunywa chai ya rangi, hatua chache kutoka kwa Mama Espe, wote wawili wametazama barabara. Nikiwa mlangoni nilimsikia Mama Espe akiuliza, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha baada ya wiki nyingi, “Wanatafuta nini mle?”

“Damu, mama.”

“Wameipata?”

“Sijui.”

“Basi wewe ungewaonyesha,” akasema, akarudi kwenye moto wake.

Nimesoma mengi tangu wakati ule juu ya namba hizi, kwa kuwa ndivyo nilivyo, jambo likinikwama nalisoma. Wapo wanaotaka picha za mashujaa zipunguziwe mapigano, na wapo wanaosema ziruhusiwe kuonyesha zaidi, ili mtoto ajue kwamba ngumi inaumiza. Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa pili, ambao ulikuwa upande wa Sadala. Bado naamini kwamba picha inayoangusha mji bila kumzika mtu haimfai mtoto wa miaka minane, hata ikiwa safi kama sahani iliyooshwa, kwa sababu inamzoesha kuona magari yakizama na kusema hao hawamo. Namba ingepaswa kuhesabu watu. Lakini najua pia kwamba ukweli ukimwagwa ukumbini ili benchi lijae hauwafundishi watoto uzito wa pigo. Sisi tuliwapa kifo cha kweli kabisa, cha mtu mwenye jina, na baada ya siku saba walikuwa wanakicheza kwa ndala.

Jumapili moja, masika yakiwa yamekaribia, Mama Espe alikuja mlangoni pa ukumbi akiwa amevaa kitenge kisicho cha jikoni. Akanipa shilingi mia. Nikamwambia, “Mama, wewe pita tu.” Akaishikilia mkononi mwangu mpaka nikaipokea. Ndani mabenchi yalikuwa yamejaa watoto, na binti mmoja wa mbele akajisogeza. “Karibu bibi.” Akakaa katikati yao, mikono mapajani. Sadala alikuwa tayari ameanza, anamsemea Mtoza Ushuru, akamwona. Akaendelea, lakini ilikuwa kama mtu anayesoma. Mjomba hakuchekesha. Mtoto mmoja akasema, “DJ leo ana homa.”

Basi likarushwa. Sadala akazima sauti ya picha kwa mazoea, mkono wake ulishaijua kazi, na ukumbi ukawa kimya. Dereva akaanguka. Kiatu kikabiringika. Sadala alikuwa na maiki mdomoni na mdomo wazi, na hakutoa neno. Watoto walisubiri kidogo, kisha, kwa kuwa walilijua na hawakutaka lipotee, wakalisema wao. Wote kwa pamoja, kwa sauti nyembamba, wakiangua kicheko mwishoni. “Naombeni kiatu changu.”

Mama Espe hakumtazama Sadala. Aligeuka akawatazama watoto, uso mmoja baada ya mwingine, bila hasira, kama anayetafuta mtu kwenye kituo cha treni. Kisha akarudisha macho kwenye kioo. Sadala akaiweka maiki juu ya meza, akaizima, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakurudi, siku ile wala nyingine. Maisha yake yaliyobaki alifanya kazi ya kupanga marobota ya tumbaku, na nilipokutana naye mjini tulizungumza bei ya tumbaku tu.

Picha iliendelea kwa Kiingereza, watoto wakapiga kelele, wakapiga miguu sakafuni, na Bwana Kanji aliyeitwa kutoka dukani akasema warudishiwe kiingilio. Nilisimama mlangoni na kopo nikiwarejeshea mmoja mmoja. Mama Espe alitoka wa mwisho, kwa kuwa alibaki akiangalia mpaka nilipozima. Nikamnyoshea mia yake.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Mimi nimeona.” Alikaa kidogo kizingitini, mkono kwenye fremu ya mlango. “Yule wa kiatu. Kumbe anaamka.”

“Ndiyo, mama. Anaamka.”

“Miezi yote hii,” akasema, “kumbe anaamka,” akaenda nyuma kuzima moto. Wiki ile ile alirudi Ulyankulu, na ukumbi ulifungwa kabla mvua hazijakatika. Kati ya shilingi elfu nne zilizoingia mchana ule tulirejesha elfu tatu na mia tisa.